Shajara ya mradi: kuweka tendua na rudia kwenye kichoraji chetu

Programu yenyewe ni kichoraji cha michoro ya mtiririko kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Unaweka visanduku, unaviunganisha kwa mishale, unaandika maneno ndani yake. Tuliitoa bila tendua (undo, yaani kurudi nyuma hatua moja), tukasema tutaiweka baadaye. Baadaye yenyewe ndiyo hii. Naandika kila siku ninapoigusa kazi hii, kwa ajili ya wenzangu watakaoushika msimbo baada yangu, na kwa yeyote anayejiandaa kuweka tendua kwenye programu ambayo tayari ina watumiaji.

Siku ya 1

Nilipanga kuanza wiki ijayo, lakini ujumbe wa mtumiaji mmoja umenifanya nianze leo. Alitaka kufuta kisanduku kimoja. Akakichagua, akabonyeza Delete, kumbe vingine kumi na vitatu alivyovichagua mwanzo bado vilikuwa vimeshikwa, nje ya sehemu ya mchoro aliyokuwa akiitazama. Vyote vikaenda na mishale yake. Sekunde chache baadaye programu ikahifadhi yenyewe. "Kaka, kazi ya asubuhi nzima imepotea na sioni pa kurudi," aliandika. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole.

Nimekagua tulichonacho. Hali yote ya programu inakaa kwenye stoo moja ya Redux, maktaba ya kutunza hali ya programu, na kila badiliko linapitia riduza, yaani fanksheni inayopokea hali iliyopo pamoja na kitendo, kisha ikarudisha hali mpya bila kuigusa ile ya zamani. Hapo ndipo bahati yetu ilipo. Redux ilipotoka mwaka 2015, jambo lililowavuta wengi lilikuwa uwezo wa kurudi nyuma hali moja baada ya nyingine wakati wa kusaka kasoro. Tendua ya mtumiaji ni ndugu wa jambo hilo, ila ina masharti makali zaidi, kwa kuwa anayerudi nyuma hajui kilichomo ndani ya stoo na wala hapaswi kukijua.

Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni kutunza picha za hali nzima, kila hatua na picha yake. Ya pili ni kutunza vitendo, kila kitendo kikiwa na kinyume chake: ongeza na ondoa, sogeza kulia na sogeza kushoto. Tuna aina zaidi ya arobaini za vitendo. Kuandika kinyume cha kila kimoja ni kufungua milango arobaini ya makosa, na kosa la kinyume ni baya kwa sababu linaharibu kazi ya mtu wakati anajaribu kuiokoa. Nimechagua picha.

Siku ya 2

Kiini kimekamilika kabla ya mchana. Hali sasa ina sehemu tatu: zilizopita, iliyopo na zijazo. Ndio mpangilio unaoelezwa hata kwenye nyaraka za Redux zenyewe.

```
function tendua(h) {
  if (h.zilizopita.length === 0) return h;
  const iliyotangulia = h.zilizopita.at(-1);
  return {
    zilizopita: h.zilizopita.slice(0, -1),
    iliyopo: iliyotangulia,
    zijazo: [h.iliyopo, ...h.zijazo],
  };
}
```

Rudia (redo, kukirejesha ulichokitendua) ni hiyohiyo ikigeuzwa. Kitendo kipya kinasukuma iliyopo kwenye zilizopita na kuzifuta zijazo zote. Hakuna zaidi ya hapo.

Mwenzangu aliuliza kuhusu kumbukumbu ya kompyuta, na swali lake ni la haki. Mchoro wa kilobaiti 200 ukinakiliwa mzima mara 100 ni megabaiti 20 kwa ajili ya kurudi nyuma tu. Lakini hatunakili. Ukisogeza kisanduku kimoja, riduza inatengeneza objekti mpya ya kisanduku hicho, orodha mpya inayokibeba, na hali mpya inayoibeba orodha. Visanduku vingine vyote ni vilevile, picha mpya na ya zamani zinavielekea pamoja. Kinachoongezeka kwa kila hatua ni kidogo sana.

Hilo linavunjika mara moja mtu akiinakili hali nzima kwa structuredClone au kuigeuza maandishi ya JSON na kuirudisha "kwa usalama". Nimeikuta mahali pamoja kwenye msimbo wetu na nimeiondoa. Kila nakala ya namna hiyo inakata undugu wa picha, na kumbukumbu inaanza kulipa gharama kamili. Zaidi ya hapo, objekti zote zinaonekana mpya, kwa hiyo React, maktaba inayotuchorea skrini, inachora upya kila kisanduku hata ambacho hakikubadilika.

Kikomo ni hatua 100. Nimeonyesha timu, wakafurahi. Nami nilidhani nimebakiwa na kazi ya siku mbili.

Siku ya 4

Nimebonyeza tendua na mchoro ukakuzwa (zoom). Nikabonyeza tena, paneli ya rangi ikafunguka. Mara ya tatu, kisanduku nilichokifuta kikarudi.

Stoo yetu ilikuwa imechanganya kila kitu: visanduku, ukuzaji, mahali skrini ilipo, paneli ipi imefunguka, kipanya kiko juu ya nini. Kwa msimbo vyote ni hali. Kwa mtumiaji kuna kazi yake, na kuna namna anavyoitazama kazi yake, na hivyo ni vitu viwili. Aliyekuza mchoro hajafanya jambo analohitaji kulitendua, atapunguza tu. Aliyefuta kisanduku amefanya.

Nimekaa na hili siku nzima, na nadhani ndilo swali kuu la mradi wote. Nimeigawa stoo sehemu mbili, hati na mwonekano. Hati peke yake ndiyo inayoingia kwenye historia. Kipimo nilichotumia kugawa ni hiki: mtu akifunga programu leo akaifungua kesho, atakasirika asipokikuta? Visanduku, mishale, maneno, rangi, mpangilio wa nani yuko juu ya nani, ndiyo. Ukuzaji, hapana.

Vipo vilivyokataa kukaa upande mmoja. Uchaguzi wa visanduku ndio mgumu kuliko vyote. Ukiuweka kwenye historia, kila mbofyo unakuwa hatua na mtu anatendua mara kumi bila kuona kazi yake ikibadilika. Ukiuacha nje kabisa, unatendua kufuta, visanduku vinarudi, lakini havijachaguliwa tena, na mtu aliyekuwa anataka kuvisogeza analazimika kuvikusanya upya kimoja kimoja. Nilichofanya: uchaguzi hautengenezi hatua, lakini kila hatua inabeba uchaguzi uliokuwepo kabla yake na baada yake. Ukitendua, hati inarudi pamoja na uchaguzi wa wakati ule. Vihariri vya maandishi vinafanya hivyo kwa kishale, ndiyo maana ukitendua neno, kishale kinarudi palipokuwa na neno lile.

Kazi ya kugawa stoo imegusa mafaili mengi kuliko tendua yenyewe. Kama ningeianza programu hii upya, ningeigawa siku ya kwanza hata bila mpango wa tendua.

Siku ya 6

Leo ni kuburuta. Kivinjari kinatoa tukio la pointermove kila kipanya kinaposogea, na kila tukio lilikuwa likisogeza kisanduku kwa kitendo kimoja. Mburuto mmoja wa sekunde mbili ulijaza historia yote ya hatua 100. Mtu akibonyeza tendua, kisanduku kinarudi pikseli tatu. Akibonyeza tena, mbili.

Mtumiaji anahesabu mburuto mmoja kuwa jambo moja, basi historia nayo ihesabu hivyo. Nimeongeza kitu nilichokiita kifungu. Pointerdown, tukio la kubonyeza, inafungua kifungu na kushika picha ya hati ilivyokuwa. Pointermove zote zinabadilisha iliyopo bila kusukuma chochote. Pointerup, tukio la kuachia, inafunga kifungu, na ile picha ya mwanzo ndiyo inayoingia kwenye zilizopita. Hatua moja.

Jioni kikatokea kisa kwenye simu. Historia iliganda: unachora, unafuta, unaandika, hakuna hatua inayoingia. Nimetumia saa mbili kukipata. Kwenye skrini ya kugusa, kivinjari kinaweza kuamua kwamba kidole kinakokota ukurasa, hakiburuti kisanduku. Hapo pointerup haiji kabisa, inakuja pointercancel. Kifungu changu kilibaki wazi, na kila kilichofuata kikamezwa ndani yake. Sasa pointercancel inakifunga kifungu kwa kurudisha picha ya mwanzo, kana kwamba mburuto haukuwahi kuwapo. Nimefanya vivyo hivyo kwa kitufe cha Escape katikati ya mburuto. Pia tendua ikibonyezwa wakati kifungu kiko wazi, inakivunja kifungu kwanza.

Na ukibofya kisanduku bila kukisogeza? Pointerdown na pointerup zinatokea, hati haijabadilika. Zamani ingeingia hatua tupu. Sasa nalinganisha marejeo: picha ya mwanzo ikiwa ndiyo hiyohiyo iliyopo, hakuna kinachosukumwa. Ulinganisho ni wa mara moja na hauhitaji kupekua ndani, kwa sababu riduza hairudishi objekti mpya pasipo badiliko. Ilibidi nirekebishe riduza tatu zilizokuwa zikirudisha objekti mpya bila sababu.

Siku ya 8

Kuandika ndani ya kisanduku. Herufi moja hatua moja ni ndogo mno. Aya nzima hatua moja ni kubwa mno, maana mtu akikosea neno la mwisho anapoteza yote.

Nimeangalia wenzetu wamefanyaje. Historia ya ProseMirror, maktaba ya kutengenezea vihariri vya maandishi, inaunganisha mabadiliko yanayofuatana na kugusana, na inaanza kundi jipya ikipita milisekunde 500 bila kuandika. CodeMirror, ya vihariri vya msimbo, nayo ni 500. UndoManager ya Yjs, maktaba ya watu wengi kuhariri hati moja, pia ni 500 usipoibadilisha. Nimechukua 500, nikaongeza masharti mawili: mstari mpya unaanza kundi jipya, na kubandika maandishi ni hatua ya peke yake hata kukitokea katikati ya kuandika kwa kasi.

Kumbe kuna tendua nyingine ambayo sikuiandika mimi. Kila sehemu ya kuandikia kwenye kivinjari ina historia yake ya ndani, na Ctrl+Z inaitumikia hiyo kwanza. Programu ikibadilisha thamani ya sehemu hiyo kwa msimbo, historia ya kivinjari inaweza kuvurugika au kufutika. Kwa hiyo nilikuwa na historia mbili kwa kitufe kimoja, kila moja ikidhani ndiyo mwenye nyumba. Unaandika neno, unabonyeza Ctrl+Z, kivinjari kinafuta neno na programu yangu nayo inatendua hatua yake. Mbili kwa pigo moja.

Nilijaribu kuikamata ya kivinjari kwa tukio la beforeinput, ambalo linasema aina ya badiliko, na kwa tendua aina yake ni historyUndo. Linanifaa nikitaka kuizuia, lakini haliji siku zote, kwa mfano historia ya kivinjari ikiwa tupu, na hapo ndipo hasa ningelihitaji. Nikaamua hivi: mtu akiwa ndani ya sehemu ndogo kama jina la mchoro au ukubwa wa herufi, Ctrl+Z ni ya kivinjari na programu inakaa kimya. Akitoka, badiliko zima linaingia kama hatua moja. Ndani ya kisanduku, ambako watu wanaandika kwa muda mrefu, nazuia ya kivinjari na kutumia ya kwetu peke yake.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: wanaoandika Kichina, Kijapani au Kikorea hutunga herufi kwa hatua kadhaa kabla ya kuithibitisha. Wakati huo tukio linabeba isComposing yenye thamani ya kweli. Usikate kundi katikati ya utungaji, la sivyo tendua itamwachia mtu nusu ya herufi ambayo hakuwahi kuiandika.

Siku ya 9

Kibodi. Fupi, ila imenigharimu asubuhi.

Ctrl+Z ilifanya kazi, Ctrl+Shift+Z ya rudia haikufanya. Nilikuwa nalinganisha event.key, yaani herufi iliyobonyezwa, na "z". Shift ikishikwa, event.key inakuwa "Z" kubwa. Caps Lock nayo inafanya hivyo kwa Ctrl+Z ya kawaida, yaani aliyewasha Caps Lock hakuwa na tendua kabisa. Sasa naigeuza kuwa ndogo kabla ya kulinganisha. Ctrl+Y nayo ni rudia kwa wanaotoka Windows, na kwenye Mac ni kitufe cha Cmd mahali pa Ctrl. Zote zimewekwa.

Siku ya 12

Kasoro hii ilitisha kidogo. Mtumiaji wa majaribio alitengeneza kisanduku, akakisogeza haraka, akatendua, akapakia ukurasa upya, na akakuta visanduku viwili vinavyofanana.

Nimeufuata mkondo wote kwa mkono. Kisanduku kikizaliwa, programu inakipa kitambulisho cha muda, tuseme t1, na kutuma ombi kwa seva. Seva inajibu kwamba kitambulisho halisi ni 4187, nasi tunabadilisha t1 kuwa 4187 kwenye hali iliyopo. Lakini mtumiaji alikuwa amekwisha kukisogeza kabla jibu halijafika, kwa hiyo kwenye zilizopita kuna picha yenye t1. Jibu la seva liligusa iliyopo tu. Akitendua, t1 inarudi. Kuhifadhi kunaanza, seva inaona kisanduku chenye kitambulisho isichokijua na kukitengenezea kipya, nacho 4187 kinabaki.

Njia ya haraka ingekuwa kupita kwenye picha zote za zamani na kubadilisha t1. Niliiandika, nikaifuta. Picha za zamani hazitakiwi kuguswa na mtu, hilo ndilo linalozifanya ziaminike. Tukianza kuzirekebisha kwa sababu moja nzuri, kesho kutakuwa na sababu ya pili.

Nimeiondoa asili ya tatizo. Kitambulisho sasa kinazaliwa upande wa kivinjari kwa crypto.randomUUID, mara moja, pale kitendo kinapotumwa, na seva inakikubali kama kilivyo. Hakuna cha muda tena. Kisanduku kina jina moja tangu kuzaliwa hadi kufutwa, na kikirudishwa kwa tendua kinarudi na jina lake. Mwenzetu wa upande wa seva alilazimika kubadilisha jedwali, na ninamshukuru kwamba hakusitasita.

Siku ya 14

Seva tena. Kulikuwa na mjadala: mtu akitendua, tutume nini? Wazo la kwanza lilikuwa kutuma "tendua" na seva irudi nyuma. Nimelikataa. Kwa seva hakuna kurudi nyuma, kuna hati mpya tu ambayo inafanana na ya zamani. Kivinjari kikitendua, kinahifadhi matokeo kama badiliko lingine lolote.

Kuna yasiyotendulika na ni lazima tuwe wakweli kuyahusu. Mwaliko uliotumwa kwa barua pepe umeshafika. Vitendo hivyo haviingii kwenye historia, na kabla ya kuvifanya tunauliza. Kufuta kisanduku sasa hatuulizi tena, kwa kuwa kunatendulika. Nimefurahi kuliondoa lile dirisha la "Una uhakika?", watu walikuwa wakilibofya bila kulisoma.

Picha zilizopakiwa ni kundi la katikati. Mtu akifuta kisanduku chenye picha, tulikuwa tunafuta faili kwenye seva papo hapo. Akitendua, kisanduku kinarudi kikiwa na tundu tupu. Sasa faili halifutwi mtu anapofuta kisanduku. Kazi ya usiku inaondoa mafaili ambayo hakuna hati inayoyataja, baada ya siku kadhaa kupita.

Siku ya 16

Mwenzangu aliuliza kwa nini rudia inapotea mtu akitendua hatua tano kisha akagusa kitu kwa bahati mbaya. Ameuliza vizuri, kwa sababu inauma: hatua tano zinafutika kwa mbofyo mmoja.

Wapo waliolitatua. Kihariri cha maandishi cha Vim tangu toleo la 7 kinatunza historia kama mti, tawi jipya halifuti la zamani. Emacs, kihariri kingine, inafanya kitendo cha kutendua chenyewe kuwa hatua, kwa hiyo ulichokitendua hakipotei ukifanya jambo jipya. Nimeijaribu ya Emacs kwenye kichoraji kwa nusu siku. Mimi niliipenda. Watumiaji wawili niliowaonyesha walichanganyikiwa, kila mmoja aliniuliza kwa nini tendua inawapeleka mbele.

Tumebaki na mstari mmoja ulionyooka. Ila kutokana na siku ya 4, kubofya, kuchagua na kukuza havihesabiki kuwa hatua, kwa hiyo havizifuti zijazo. Mgusano mwingi wa bahati mbaya ulikuwa wa aina hiyo, na sasa hauna madhara.

Siku ya 17

Nimetazama skrini ya mtumiaji akitumia tendua bila mimi kusema neno. Alibonyeza mara mbili, akasubiri, akabonyeza tena, akasema haifanyi kazi. Ilikuwa inafanya. Mabadiliko yalitokea upande mwingine wa mchoro, nje ya anachokiona. Ametendua mambo matatu mazuri bila kujua.

Hiki kimenisikitisha kuliko kasoro zote za msimbo, kwa sababu majaribio yetu yote yalikuwa ya kijani, yaani yamepita.

Kila hatua sasa inabeba orodha ya visanduku ilivyovigusa. Ikitenduliwa, na visanduku hivyo viko nje ya skrini, mwonekano unasogea hadi vionekane. Kila hatua pia ina jina, na kitufe kinaonyesha: "Tendua: futa visanduku 14". Jina hilohilo linatangazwa kwa wanaotumia kisoma skrini kupitia eneo la aria-live, maana kwao hakuna kisanduku kinachoonekana kikirudi. Kitufe kinafifia kikiwa hakina cha kutendua.

Siku hiyohiyo nimerekebisha alama ya "haijahifadhiwa". Zamani ilikuwa ndiyo au hapana. Sasa tunakumbuka picha ipi ndiyo iliyohifadhiwa mwisho, na kuilinganisha na iliyopo. Ukibadilisha kitu kisha ukatendua, alama inazimika yenyewe, kwa sababu kweli umerudi palepale.

Siku ya 19

Jaribio la kubahatisha. Programu inachagua vitendo 200 ovyo, inavifanya, kisha inatendua hadi mwisho na kuuliza kama hati ni sawa na ya mwanzo. Halafu inarudia hadi mwisho na kuuliza kama ni sawa na ya kabla ya kutendua. Kikomo cha hatua nimekiondoa kwa ajili ya jaribio hili tu.

Ilianguka mara ya nne kuiendesha. Mishale ilikuwa imerudi kwa mpangilio tofauti. Mtuhumiwa alikuwa mstari mmoja wa kuchora, mbali kabisa na riduza, uliopanga mishale kwa sort kabla ya kuionyesha. Sort inapanga orodha ileile unayoipa. Orodha hiyo ilikuwa ya hali iliyopo, na kwa kuwa picha zinashirikiana vipande, ilikuwa pia ya picha za nyuma. Kuchora mchoro kulikuwa kunabadilisha historia.

Nimeiweka toSorted, inayorudisha orodha mpya, na ambayo vivinjari vya sasa vinaijua. Kisha nimeongeza kinga: kwenye toleo la wasanidi, kila hali inagandishwa kwa Object.freeze hadi ndani. Atakayejaribu kuibadilisha atapata kosa hapohapo, kwenye mstari wake. Kugandisha kulifichua sehemu nyingine mbili siku hiyohiyo.

Wanaotumia Redux Toolkit, seti ya kisasa ya kuandikia Redux, wana kinga hii bila kuiomba, kwa kuwa maktaba ya Immer iliyo ndani yake inagandisha inachokitengeneza. Riduza zetu ni za mkono, za zamani. Nimeandika pendekezo la kuhama.

Siku ya 22

Tendua na rudia zimetoka kwa watumiaji wote asubuhi hii.

Mchana nimeanza kusoma kwa ajili ya hatua inayofuata, watu wawili kwenye mchoro mmoja, na hapo picha za hali nzima zinafika mwisho wake. Nikitendua kwa kurudisha picha yangu ya dakika mbili zilizopita, nafuta pia kila alichokifanya mwenzangu ndani ya dakika hizo. Tendua yangu inatakiwa irudishe yangu tu. Immer ina produceWithPatches, inayotoa viraka vya kwenda mbele na vya kurudi nyuma kwa kila badiliko bila mtu kuandika vinyume kwa mkono, na hilo linaiondoa hofu yangu ya siku ya 1. Yjs inaenda mbali zaidi: UndoManager yake inafuata mabadiliko ya asili unazozitaja, kwa hiyo ya mwenzako hayaguswi.

Swali ambalo bado halina jibu kwenye daftari langu: nimekipaka kisanduku rangi nyekundu, mwenzangu akakifuta, nami nikabonyeza tendua. Nirudishe rangi ya kisanduku kisichokuwepo? Kwa sasa nimeegemea upande wa kuiruka hatua hiyo na kumwambia mtumiaji kwamba kisanduku kimefutwa na mwenzake. Jumatatu nitaijaribu na watu wawili kwenye meza moja, kila mmoja na kompyuta yake.

Yule mtumiaji wa siku ya 1 nimemwandikia. Kazi yake ile hatukuweza kuirudisha. Amejibu kwamba amefuta mchoro mzima makusudi, mara tatu, na mara zote umerudi.